Hati za Phokeng: Mmisionari, Platini na Swali la Udhamini

Historia ya misioni ya Kilutheri kusini mwa Afrika hufundishwa aghalabu kwa orodha ya vituo, mwaka wa ubatizo wa kwanza na majina ya wamisionari waliozikwa huko. Daftari la msajili wa hati za ardhi halimo miongoni mwa vitabu tunavyowaagiza wanafunzi wetu kusoma. Hata hivyo, wako watu wa jamii ya Watswana ambao historia yao ya kanisa haiwezi kutenganishwa na historia yao ya mali, na ufunguo wa zote mbili umo katika daftari hilo. Watu hao ni Bafokeng, wakaao Phokeng na vijiji vya jirani, karibu na mji wa Rustenburg, katika Jimbo la Kaskazini-Magharibi la Afrika Kusini. Jina la Phokeng latokana na neno la Kitswana lenye maana ya umande. Chini ya ardhi hiyo ya umande umelala mwamba wenye platini, na kwa mwamba huo Bafokeng wamepata shule, barabara, hospitali, na uwanja wa michezo uliotumika katika mashindano ya Kombe la Dunia ya mwaka 2010.

Kila panapojadiliwa jinsi wenyeji wanavyoweza kushirikishwa faida ya madini yaliyo chini ya ardhi yao, Bafokeng hutajwa kuwa mfano. Makala haya hayakusudii kuwanyang'anya sifa hiyo. Yanakusudia kuuliza imetoka wapi. Naona kwamba mgawo wao haukuanzia katika ukarimu wa kampuni wala katika huruma ya serikali. Ulianzia katika ununuzi wa ardhi uliofanyika zaidi ya nusu karne kabla platini haijagunduliwa, kwa mshahara wa vijana na kwa jina la mmisionari wa Kilutheri. Na kwa kuwa hati ziliandikwa jina la mtu mwingine, swali la nani ashika mali kwa niaba ya nani limewaandama watu hao hata leo.

Sheria isiyowatambua

Makaburu walipohamia kaskazini ya mto Vaal katika miaka ya 1830 na 1840, walijigawia mashamba makubwa katika nchi iliyokuwa imekwisha kukaliwa. Neno "shamba" hapa lisomwe kwa maana ya eneo lililopimwa, lenye maelfu ya ekari, ambalo ndani yake vijiji vizima viliweza kuwamo. Mwenye kijiji aliamka siku moja akaambiwa kwamba yeye ni mpangaji wa jirani yake mpya, na kwamba kodi yake ni kazi ya mikono. Mwaka 1855 baraza la Makaburu, Volksraad, lilipitisha azimio kwamba asiye raia hawezi kumiliki ardhi, na kwamba mwenyeji hawezi kuwa raia. Kwa maneno machache hayo, mtu mweusi hakuwa na njia ya kuandikisha hata kiwanja cha kaburi la baba yake.

Ukali wa utaratibu huo ulionekana mwaka 1870 kule Saulspoort. Paul Kruger, aliyekuwa mkuu wa jeshi la Makaburu katika eneo hilo, alimchapa viboko hadharani Kgosi Kgamanyane wa Bakgatla kwa sababu ya mgogoro juu ya watu wa kufanya kazi. Kgosi ni cheo cha mtawala kwa Kitswana, nasi twaweza kusema mtemi. Baada ya aibu hiyo Kgamanyane aliondoka na sehemu kubwa ya watu wake, wakavuka mpaka na kukaa Mochudi, katika nchi ambayo sasa ni Botswana. Waliobaki nyuma tutakutana na wajukuu wao mbele ya makala haya.

Jirani yao Kgosi Mokgatle wa Bafokeng alichagua njia nyingine. Naye aliishi karibu na Kruger, ambaye shamba lake la Boekenhoutfontein lilikuwa nje kidogo ya Rustenburg. Mokgatle hakuhama, wala hakuwa na nguvu ya kupigana. Aliamua kuinunua tena nchi ya mababu zake, kipande kwa kipande, kutoka kwa watu waliokuwa wameichukua bure. Wako wanaoliona jambo hili kuwa la kinyonge. Sikubaliani nao. Nabii Yeremia naye, mji ukiwa umezungukwa na jeshi la Babeli, alipima shekeli kumi na saba za fedha, akanunua shamba la Anathothi, akaziandika hati na kuzitia katika chombo cha udongo ili zikae siku nyingi (Yer. 32). Hakuna aliyemwita mnyonge kwa hilo, ingawa bila shaka wako waliomwona mpumbavu.

Mshahara wa Kimberley na jina la Penzhorn

Fedha zilitoka wapi? Almasi zilikuwa zimegunduliwa mwaka 1867 katika nchi iliyo karibu na mto Orange, na miaka michache baadaye machimbo ya Kimberley yalikuwa yakihitaji maelfu ya wafanyakazi. Mokgatle aliwatuma vijana wake huko kwa marika yao. Watswana huyaita marika hayo mephato, nayo yalikuwa ya vita na ya kazi za jumuiya. Kijana aliporudi, sehemu ya mshahara wake iliingia katika mfuko wa kabila kwa ajili ya kununulia ardhi. Ni vema tutulie kidogo hapa, kwa maana waandishi wengi hupita mahali hapa haraka ili wafike kwenye platini. Mtaji wa kwanza wa Bafokeng ulikuwa jasho lililomwagika katika mashimo ya almasi ya watu wengine. Vijana hao walitembea kwa miguu mamia ya kilomita, wakalala katika vibanda, na wengine hawakurudi. Mgawo wa platini ambao wajukuu wao wangekuja kuupata ulikuwa umelipiwa mapema.

Lakini fedha ikipatikana, hati ingeandikwa jina la nani? Mwaka 1867 alikuwa amefika Phokeng mmisionari wa Shirika la Hermannsburg, Christoph Penzhorn, akaanzisha kituo kilichoitwa Saron. Yeye alikuwa Mzungu, na sheria iliweza kumwona. Mashamba yaliyonunuliwa kwa fedha za Bafokeng yakaandikwa kwa jina lake, kwa makubaliano kwamba si yake. Tuyapime makubaliano hayo. Penzhorn angefilisika, wadai wake wangeweza kuyashika mashamba. Angekufa ghafula, warithi wake wangeweza kudai kwamba ni urithi. Angegombana na Mokgatle juu ya mitala au jando, jambo ambalo wamisionari wengi walifanya na watawala wao, angekuwa na silaha mkononi ambayo mtawala hana. Kilichowalinda Bafokeng ni uaminifu wa mtu mmoja.

Uaminifu huo haukuvunjika. Baada ya Waingereza kuitwaa Transvaal mwaka 1877 na kuirudisha kwa Makaburu kwa Mkataba wa Pretoria wa mwaka 1881, wenyeji waliruhusiwa kununua ardhi kwa sharti kwamba iandikwe jina la chombo cha serikali kama mdhamini wao. Mashamba ya Bafokeng yakahamishwa kutoka kwa mmisionari kwenda kwa serikali, yakishikwa kwa ajili ya kabila. Penzhorn alikufa mwaka 1895. Mwanawe Ernst akachukua nafasi yake Saron.

Si haki kuchukua mfano huu tukasema, "Tazameni, hivyo ndivyo Walutheri walivyofanya." Walutheri walifanya pia vinginevyo.

Merensky baba na Merensky mwana

Mwaka 1865, miaka miwili kabla ya Penzhorn kufika Phokeng, Alexander Merensky wa Misioni ya Berlin alianzisha kituo cha Botshabelo karibu na Middelburg, mashariki ya Transvaal. Jina hilo lamaanisha mahali pa kukimbilia, na kweli Wakristo wa Kipedi waliokuwa wakiteswa katika nchi ya Sekhukhune walikimbilia pale. Lakini ardhi ya Botshabelo ilikuwa ya misioni. Waumini walikuwa wakazi juu yake, wakiongozwa na kanuni za kituo, kodi na wajibu wa kazi. Johannes Dinkwanyane, ndugu yake Sekhukhune na mmoja wa viongozi wa Wakristo hao, alitaka watu wake wawe na ardhi yao wenyewe. Jambo hilo lilipokuwa halipatikani, mwaka 1873 aliondoka na kundi lake wakaenda kuanzisha makazi yao ya Mafolofolo. Katika taarifa za misioni aliandikwa kuwa mkaidi. Nadhani alikuwa ameelewa kitu ambacho mchungaji wake hakukielewa, yaani kwamba mahali pa kukimbilia palipo na mwenye nyumba si kwako.

Jina la Alexander Merensky si geni kwetu Tanzania. Mwaka 1891, akiwa mzee mwenye uzoefu wa Transvaal, ndiye aliyeongoza msafara wa kwanza wa Misioni ya Berlin uliofika Unyakyusa, kaskazini ya Ziwa Nyasa. Wakristo wa Kilutheri wa Konde na wa nyanda za juu za kusini ni matunda ya kazi iliyoanza kwa safari hiyo.

Mwanawe, Hans Merensky, alizaliwa Botshabelo mwaka 1871. Hakufuata njia ya baba yake, alisomea jiolojia. Mwaka 1924 mkulima mmoja katika wilaya ya Lydenburg alipeleka chembe nyeupe alizoziona katika mchanga wa kijito. Merensky alizifuata hadi akagundua mwamba mwembamba wenye platini, ambao dunia nzima yauita kwa jina la ukoo wake. Mwaka uliofuata mwamba huohuo ulifuatiliwa upande wa magharibi, hadi Rustenburg. Ulipita chini ya mashamba ya Bafokeng.

Hivyo mtoto wa mmisionari mmoja alikuta utajiri chini ya ardhi ambayo mmisionari mwingine alikuwa ameiandikisha kwa ajili ya wenyewe. Kwa sheria ya Transvaal ya wakati ule, aliyekuwa na hati ya ardhi alikuwa, kwa kawaida, na haki ya madini yaliyo chini yake. Bafokeng, tofauti na wenyeji walio wengi, walikuwa na hati, japokuwa iliandikwa jina la mdhamini. Laiti wangebaki wapangaji, wangepewa notisi ya kuhama, na historia yao ingekuwa kama ya wengine wote.

Mdhamini aliyegeuka

Katika mwaka 1905 mchungaji wa Kipresbiteri, Edward Tsewu, alikuwa ameshinda kesi katika mahakama kuu ya Transvaal iliyothibitisha kwamba Mwafrika aweza kuandikisha ardhi kwa jina lake mwenyewe. Ushindi huo haukudumu. Sheria ya Ardhi ya Wenyeji ya mwaka 1913 iliwafungia watu weusi katika takriban asilimia 7 ya nchi, na sheria ya mwaka 1936 iliongeza hadi kama asilimia 13. Ardhi ya Bafokeng ilibaki chini ya udhamini wa serikali, na serikali hiyo ikawa ndiyo ya ubaguzi wa rangi. Mdhamini akawa adui wa anayedhaminiwa.

Uchimbaji mkubwa ulianza mwishoni mwa miaka ya 1960, wakati kampuni ya Impala ilipofungua migodi katika ardhi ya Bafokeng. Mrabaha ulilipwa, lakini uliingia katika akaunti iliyosimamiwa na maofisa wa serikali. Kisha mwaka 1977 utawala wa Pretoria ulitangaza "uhuru" wa Bophuthatswana, nchi ya bandia iliyotambuliwa na Pretoria na nchi nyingine za bandia tu, na udhamini ukahamia kwa rais wake, Lucas Mangope. Mahitaji ya platini nayo yalikuwa yakipanda, kwani tangu miaka ya 1970 madini hayo yalihitajika katika vifaa vya kusafishia moshi wa magari huko Marekani na kwingineko. Bophuthatswana, iliyokuwa vipande vipande katika ramani, ilitegemea sana kodi ya platini.

Kgosi Lebone Edward Molotlegi, aliyetawala tangu 1963, hakuukubali uhuru huo wala udhamini huo. Aliipinga serikali ya Mangope na akaingia katika mgogoro na kampuni juu ya mikataba. Mwezi wa Februari 1988, baada ya jaribio la kumpindua Mangope kushindwa, Kgosi alikamatwa, kisha akakimbilia Botswana. Mangope alimweka mdogo wake mahali pake. Akiwa na Kgosi uhamishoni na mtu wake kitini, Mangope alitia sahihi, kama mdhamini, mkataba mpya wa uchimbaji na kampuni mwaka 1990.

Watoto wa shule ya sheria wataona tatizo mara moja, lakini hata sisi wachungaji twaweza kuliona. Mdhamini hana mali yake katika amana. Ana sahihi tu. Penzhorn alikuwa na sahihi hiyohiyo. Sheria iliyompa Penzhorn nafasi ya kuwanyang'anya Bafokeng ndiyo iliyompa Mangope. Tofauti haikuwa katika sheria.

Bafokeng walienda mahakamani. Mangope aliondolewa mwezi wa Machi 1994, Kgosi Lebone akarudi nyumbani akiwa mgonjwa, akafa mwaka 1995. Mwanawe Lebone wa Pili ndiye aliyemaliza shauri. Katika mapatano ya Februari 1999 kampuni ilikubali kulipa mrabaha wa asilimia 22 ya mapato yanayotozwa kodi kutoka maeneo yaliyohusika, pamoja na kuwapa Bafokeng hisa milioni moja za kampuni. Hakuna jamii nyingine ya Waafrika katika nchi hiyo iliyokuwa imefikia kiasi hicho. Wala hakuna aliyewapa. Walikuwa wamekaa mahakamani miaka mingi, wakiwa na hati mkononi.

Kutoka mrabaha hadi hisa

Sheria ya Maendeleo ya Rasilimali za Madini na Petroli ya mwaka 2002, iliyoanza kutumika Mei 2004, iliyaweka madini yote ya Afrika Kusini chini ya ulinzi wa dola kwa niaba ya wananchi wote. Ilikuwa sheria ya haki, maana ilivunja ukiritimba wa wachache. Lakini kwa Bafokeng ilikuja na mshangao. Wakati karibu watu weusi wote hawakuwa na haki ya madini ya kupoteza, wao walikuwa nayo. Kgosi Leruo Molotlegi, aliyemrithi kaka yake mwaka 2000, na washauri wake waliona kwamba mrabaha uliotegemea haki ya zamani hauna uhakika. Mwaka 2007 waliubadilisha mrabaha wote wa baadaye kuwa hisa, nao wakawa na karibu asilimia 13 ya kampuni ya Impala. Mwaka 2010 kampuni yao wenyewe ya platini iliingizwa katika soko la hisa la Johannesburg. Baadaye waliuza sehemu kubwa ya hisa za madini na kuwekeza katika simu, fedha na biashara nyingine, na mwaka 2021 waliuza sehemu kubwa ya hisa zao katika kampuni hiyo ya platini pia.

Kwa hesabu za fedha ni busara, kwa sababu mwamba utakwisha. Hata hivyo, mwanakijiji wa kawaida aliyejua kwamba "shimo lile ni letu" sasa ameambiwa kwamba mali yake ni sehemu ndogo ya kampuni nyingi katika mji mkubwa. Ili aijue hesabu yake ahitaji kumwamini mwingine. Udhamini umerudi, safari hii ukiwa na suti na taarifa ya mwaka.

Nani ni jamii?

Katika muongo wa kwanza wa karne hii uongozi wa Bafokeng uliomba mahakama iamuru kwamba mashamba yaliyobaki kwa jina la waziri yaandikwe kwa jina la Taifa la Kifalme la Bafokeng. Ombi lilionekana la haki kabisa. Ndipo baadhi ya koo katika vijiji walipojitokeza kupinga. Walisema kwamba mashamba fulani hayakununuliwa na mfuko wa Kgosi, bali na babu zao wenyewe waliochangishana, na kwamba yaliandikwa jina la kabila kwa sababu tu serikali ya wakati huo haikutaka kundi la watu weusi linunue ardhi pamoja isipokuwa chini ya mtawala. Yaani, kama vile Mokgatle alivyolazimika kujificha nyuma ya Penzhorn, wao walilazimika kujificha nyuma ya Mokgatle na warithi wake.

Sina mamlaka ya kuamua ni hati ipi inasema kweli. Lakini wasomaji wa makala haya wasidhani kwamba neno "jamii" ni jepesi. Katika vibanda vilivyoizunguka migodi wanaishi watu waliotoka Lesotho, Msumbiji na Rasi ya Mashariki, ambao wao au baba zao ndio waliochimba platini yenyewe. Mwanzoni mwa mwaka 1986 kampuni ilifukuza zaidi ya wafanyakazi 20,000 waliogoma. Watu hao si Bafokeng. Hawamo katika hesabu ya hisa, na kijiji cha jirani mara nyingi huwaona kuwa mzigo. Mwaka 2012 kule Marikana, mwendo mfupi kutoka Phokeng, polisi waliwaua wachimbaji 34 kwa siku moja, tarehe 16 Agosti, na wengi wao walikuwa wahamiaji wa namna hiyo. Ardhi ya huko ni ya Bapo ba Mogale, nao pia walikuwa na mrabaha. Mwaka 2017 Mlinzi wa Umma wa Afrika Kusini alitoa taarifa juu ya mamia ya mamilioni ya randi yaliyotumiwa vibaya kutoka katika akaunti ya jamii hiyo, akaunti iliyokuwa chini ya usimamizi wa serikali.

Na wale Bakgatla tuliowaacha Saulspoort? Mwaka 1919 koo 13 za kijiji cha Lesetlheng zilinunua shamba la Wilgespruit kwa fedha zao. Sheria haikuwaruhusu kuliandikisha. Likaandikwa kwamba lashikwa kwa udhamini kwa ajili ya kabila la Bakgatla-ba-Kgafela. Walilima na kuchunga pale karibu miaka mia. Kisha ikagunduliwa platini, kabila likaingia ubia na kampuni, na leseni ikatolewa mwaka 2008. Wenye shamba walipokataa kuondoka, walishitakiwa, na mahakama ya chini ikaamuru waondolewe. Kampuni ilikuwa imezungumza na uongozi wa kabila, na ilidhani yatosha. Tarehe 25 Oktoba 2018 Mahakama ya Katiba ilitengua amri hiyo. Ilisema kwamba haki ya kuchimba haifuti haki ya mtu juu ya ardhi anayoikalia, na kwamba watu wasio na hati, ila wana ukaaji na mila, hawawezi kunyang'anywa bila ridhaa yao. Katika shauri hilo, utafiti wa nani alichanga fedha mwaka 1919 ulikuwa na uzito kuliko orodha yoyote ya miradi ya jamii.

Hati zetu

Nchini Tanzania mambo yamepangwa vingine. Kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ardhi yote ni ya umma, nayo imewekwa kwa Rais kama mdhamini kwa niaba ya wananchi. Neno lile lile, mdhamini. Madini ni ya Taifa. Ardhi ya kijiji husimamiwa na halmashauri ya kijiji, nayo huwajibika kwa mkutano mkuu. Mgodi ukifunguliwa, mwanakijiji hulipwa fidia ya mazao na majengo yake, mrabaha huenda Hazina, ambao kwa dhahabu ulipandishwa hadi asilimia 6 mwaka 2017, na halmashauri ya wilaya hupata ushuru wa huduma. Viongozi wa dini hawakunyamaza juu ya hayo. Mwaka 2008 Jumuiya ya Kikristo Tanzania, Baraza la Maaskofu Katoliki na BAKWATA, pamoja na mashirika ya misaada ya makanisa ya Norway na Uingereza, walitoa taarifa ya pamoja kuhusu jinsi Taifa lilivyokuwa likinufaika kidogo mno na dhahabu yake. Taarifa hiyo iliuliza Serikali na makampuni maswali makali, na ilistahili kufanya hivyo.

Lakini kanisa lenyewe ni mdhamini. Viwanja vya sharika zetu, shule, zahanati na mashamba yaliyoachwa na misioni vimeandikwa kwa majina ya bodi za wadhamini waliosajiliwa, si kwa jina la usharika wala la ukoo uliokitoa kiwanja. Wamisionari wa Berlin, wa Leipzig na wa Bethel walipoondoka, walituachia hati, na katika baadhi ya hati hizo hatujui vema kama tulirithi kazi ya Penzhorn au ya Botshabelo. Mwanafunzi wa historia ya kanisa atakayetaka mada ya tasnifu aweza kuanzia hapo. Achukue shamba moja la misioni la zamani katika wilaya yake, aulize lilitolewa na nani, kwa masharti gani, na mbele ya mashahidi gani, kisha alinganishe na yaliyoandikwa. Na pale ambapo wapimaji wa kampuni ya madini wamekwisha kupita na vigingi vyao, asikawie. Fidia hulipwa kwa jina lililo katika hati, na katika sharika nyingi kiwanja kilitolewa kwa neno la kinywa, na wazee walioshuhudia wanazidi kupungua.